Wewe ni Dini Gani? Habari za Makanisa Yasiyo na Dhehebu, Bungoma na Kitale

Msafiri atokaye Webuye kwenda Kitale, akiisha kuiacha njia kuu iendayo Malaba na kuelekea kaskazini, hupita Lugulu, kisha Misikhu, kisha Kamukuywa, na baadaye Kiminini, kabla hajaingia mjini. Na endapo hakushikwa na usingizi wala na mazungumzo ya jirani yake ndani ya matatu, atakuwa na kazi ya kutosha ya kusoma mabango ya makanisa yaliyosimikwa kando ya barabara. Mabango ya mwanzo wa safari hayahitaji kufasiriwa, kwani Lugulu ni ya Marafiki (Friends, au Quakers) na Misikhu ni ya Wakatoliki, na mtoto wa huko hulijua jambo hilo kabla hajajua kusoma. Lakini kadiri gari linavyokaribia Kitale ndivyo majina yanavyobadilika: bango hutaja mito, ushindi, neema, moto, au hema, wala halitaji nasaba yoyote, na ukimwuliza mwenyeji kanisa lile la mabati ni la nani, aghalabu hukujibu ya kuwa halina dhehebu, ni la watu wote.

Jibu hilo linasikika jepesi, ilhali ndani yake mna mambo mazito ya historia, ya sheria, na hata ya mirathi, na ndiyo yaliyonisukuma kuandika makala haya.

Tuanze na neno lenyewe. Dhehebu tumelipata kwa Waarabu, ambao kwao asili yake ni kwenda, kwa hiyo dhehebu ni njia ambayo mtu huifuata katika kuifahamu dini yake. Mtu wa Lamu au wa Unguja aliyelelewa katika madhehebu ya Shafii hamhesabu jirani yake wa Kiibadhi kutoka Oman kuwa mtu wa dini nyingine. Dini ni moja, njia ni mbalimbali. Huko magharibi ya Kenya, kinyume chake, maneno hayo mawili yalichanganyika tangu zamani. Mtu akiulizwa, "Wewe ni dini gani?" hajibu kwamba yeye ni Mkristo, maana hilo si jibu, hujibu, "Mimi ni Friends," au Katoliki, au Salvation, au PAG (Pentecostal Assemblies of God). Elijah Masinde wa Kimilili, aliyelelewa miongoni mwa Marafiki kabla hajaasi na kuwarudisha watu kwa mizimu ya mababu katika miaka ya 1940, alianzisha Dini ya Msambwa, na serikali ya kikoloni ikaipiga marufuku mwaka 1948 kwa jina lilo hilo. Basi mchungaji wa Kitale anaposema, "Sisi hatuna dini, tuna wokovu," msikilizaji wa Pwani atastaajabu na pengine atamwombea maghufira, lakini msikilizaji wa Bungoma amekwisha kumwelewa: amesema kwamba kanisa lake halimo katika orodha ya yale makanisa ambayo watu huzaliwa nayo.

Kwa hakika walizaliwa nayo, wala hapa situmii mafumbo. Wamarekani watatu, Arthur Chilson, Edgar Hole na Willis Hotchkiss, walipofungua misheni ya Marafiki huko Kaimosi mwaka 1902, mlango ulikuwa umefunguliwa kwa wengine pia. Misheni ya Kima katika Bunyore ilianza mwaka 1905, Waanglikana wakakaa Maseno mwaka 1906 na Butere mwaka 1912, na Wapentekoste wakaja Nyang'ori mwaka 1924. Ili wasigombanie watu, misheni za Kiprotestanti zilipatana kugawana nchi, kila moja na upande wake. Wakatoliki wa Mill Hill, waliokuwa Mumias tangu 1904, hawakuwa katika mapatano hayo wala hawakuyajali, na ndipo wakafika Kibabii, jirani na Bungoma, mwaka 1931. Natija yake ni kwamba mwanakijiji hakuchagua kanisa lake. Alichaguliwa, na mtu ambaye hakupata kumwona, juu ya ramani ambayo hakupata kuiona. Baada ya vizazi viwili mgawanyo ule wa mabwana wa misheni ulikuwa umeshikamana na ukoo, na shamba, na shule, na mahali pa kuzikia, hata ikawa kumwuliza mtu dini yake ni kama kumwuliza kwao ni wapi.

Kitale haikuwa hivyo. Mji ule uliota katika nchi ya walowezi waliopewa mashamba ya Trans Nzoia baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, reli ikaufikia mwaka 1926, na kazi ya mashamba ya mahindi ikawavuta watu kutoka kila upande: Wabukusu, Wamaragoli, Wanyore, Wasabaoti, Wapokoti, Waturkana, na kadhalika. Baada ya uhuru mashamba makubwa yakakatwa na kugawiwa, wakaja Wakikuyu na Wakisii na wengineo, na hesabu ya watu ya mwaka 2019 ikaikuta kaunti ya Trans Nzoia ina watu 990,341. Katika kambi ya vibarua ya shamba moja walikaa pamoja Mrafiki asiyebatiza kwa maji, Mpentekoste asiyekubali ubatizo wa mtoto mchanga, na Mwanglikana aliyebatizwa angali mchanga, na hapana hata mmoja wao aliyekuwa na wenzake wa kutosha kujenga nyumba ya ibada. Biblia waliyoweza kuisoma wote ni ile ya Kiswahili, iliyokamilika mwaka 1952 na kuitwa Toleo la Muungano, kwa sababu iliunganisha kazi ya watafsiri wa Mombasa na ya wale wa Unguja, waliokuwa kila mmoja na lahaja yake na, tuseme kweli, kila mmoja na kiburi chake. Na nyimbo walizojua wote zilikuwa katika Tenzi za Rohoni. Mahali kama hapo, kanisa lisilouliza dini ya mtu lilikuwa na haja ya kuwako kabla halijapata fikra ya kuliongoza.

Sasa, je, kanisa lisilo na dhehebu ni kanisa la namna gani? Hapana budi tulitenge na ndugu zake wawili wanaofanana nalo. Liko shirika la madhehebu mengi, ambalo watu wake hubaki katika makanisa yao na kukutana kwa kazi fulani: shule ya Alliance, iliyofunguliwa Kikuyu mwaka 1926, ni tunda la muungano wa namna hiyo, na huko Kitale kiko chuo cha Africa Theological Seminary ambamo wachungaji wa makanisa mbalimbali husomea pamoja. Liko tena kanisa la kujitegemea, ambalo lilijitenga na misheni likawa na maaskofu wake, sare zake na kanuni zake, kama vile African Israel Nineveh ya Zakayo Kivuli, aliyetoka kwa Wapentekoste wa Nyang'ori mwaka 1942. Hilo ni dhehebu kamili, isipokuwa mwanzilishi wake ni Mwafrika. Lile tulitafutalo sisi ni kanisa moja la mahali pamoja, lisilo na sinodi wala askofu wala mkutano wa mwaka juu yake, lisilotaka mtu aikiri ikirari ya kanisa fulani la kale, na linalodai kwamba laifuata Biblia peke yake. Mchungaji wake hakutumwa na mtu. Ama aliitwa na waumini, ama, na hili ndilo la mara nyingi, yeye ndiye aliyewaita waumini.

Fikra hiyo haikuzaliwa Kitale wala haikuzaliwa juzi. Thomas Campbell, mhubiri wa Kipresbiteri aliyehamia Marekani kutoka Ireland, alitoa waraka wake mwaka 1809 akiwasihi Wakristo waziache ikirari na majina ya kutengana, wawe Wakristo tu. Na wafuasi wake na wa mwenziwe Barton Stone wakawa kundi kubwa, kisha wakagawanyika, hata kufikia mwaka 1906 serikali ya Marekani ikawahesabu kuwa makundi mbalimbali. Mfano ulio karibu nasi zaidi ni ule wa Kima. Misheni ile, katika miaka ya 1920, iliingia mikononi mwa Church of God ya Anderson, Indiana, kanisa lililotokana na mahubiri ya Daniel Warner, ambaye mwaka 1881 alijitoa katika madhehebu yote akifundisha ya kuwa dhehebu lenyewe ni dhambi, na kwamba kanisa halina haki ya kuandika daftari la washirika, maana Mungu ndiye ajuaye walio wake. Waliomsikia walitoka makanisani mwao kwa furaha ya watu waliofunguliwa minyororo. Na leo ukifika Bunyore ukamwuliza mtu dini yake, atakujibu bila ya kusita, "Church of God," kama vile jirani yake asemavyo Friends, na pengine atakuongezea kwamba babu yake naye alikuwa hivyo hivyo.

Marafiki nao, wale wa Lugulu ambao bango lao halihitaji kufasiriwa, walianza vivyo hivyo. George Fox huko Uingereza katika karne ya 17 hakutaka kanisa jipya. Aliwataka watu waache majengo na makasisi na maji ya ubatizo, wamsikilize Kristo ndani ya dhamiri zao, na jina walilojiita halikuzidi urafiki. Watu hao wasio na ikirari walipata mkutano wao wa mwaka wa Afrika Mashariki mwaka 1946, na mwaka 1973 wale wa upande wa Elgon wakajitenga nao. Hawakugombana juu ya Utatu, bali juu ya uongozi na ukabila, kama ndugu wanavyogombania shamba. Nayo Africa Inland Mission ya Peter Cameron Scott, iliyoanza mwaka 1895 ikiwachukua wamisionari wa kila kanisa bila ya kuwauliza asili yao, ilizaa kanisa ambalo tangu 1943 lina jina lake, maaskofu wake na shule zake, na hapana mtu wa Kenya asemaye kwamba AIC (Africa Inland Church) si dhehebu.

Nimeyataja haya kwa urefu kwa sababu naona ndiyo moyo wa jambo. Kanisa lisilo na dhehebu, likipata umri, watoto, na hati ya shamba, hugeuka dhehebu. Na lisipogeuka, aghalabu ni kwa sababu limekufa pamoja na mwanzilishi wake. Wala hili si tusi. Watu wakikaa pamoja muda mrefu hapana budi waamue mambo: nani abatizwe na lini, mwanamke asimame mimbarani au asisimame, mtalaka aoe au asioe, fungu la kumi ni faradhi au ni hiari, na jumla ya maamuzi hayo ndiyo njia, na njia, kama tulivyosema, ndiyo dhehebu. Tofauti ni kwamba katika kanisa la kale maamuzi hayo yameandikwa katika kitabu ambacho mtu aweza kukisoma kabla hajaingia, na katika kanisa la mabati la Kitale yamo kifuani mwa mchungaji, na mgeni huyajua siku atakapoyavunja.

Umoja nao una njia zaidi ya moja. Mwezi Juni 1913 wamisionari wa Kiprotestanti walikutana Kikuyu, katika kituo cha Waskoti, wakazungumza juu ya kuunganisha kazi zao. Na mwisho wa mkutano Askofu Peel wa Mombasa akaendesha Ushirika Mtakatifu katika kanisa la Waskoti, nao wasiokuwa Waanglikana wakashiriki. Habari zilipofika Unguja, Askofu Frank Weston aliwaka moto akawashtaki Peel na mwenziwe Willis wa Uganda kwa Askofu Mkuu wa Canterbury kwamba wameingia uzushini, na magazeti ya Uingereza yakajaa habari za kijiji ambacho wasomaji wake wasingeweza kukionyesha kwenye ramani. Sidhani kwamba Weston alikuwa mtu wa chuki. Alihofu kwamba watu wakiacha kuuliza nani ana mamlaka ya kuadhimisha meza ile, siku moja atatokea yeyote na kujipa. Kwa upande mwingine, uamsho ulioenea kutoka Gahini, Rwanda, ukaingia Kenya mwaka 1937, uliwafundisha watu kuitana ndugu na kuungama hadharani, Mwanglikana na Mpresbiteri na Mmethodisti katika ushirika mmoja wa katikati ya juma, ilhali Jumapili kila mtu alikwenda kanisani kwake. Wako waliotoka, kama wale Wajohera wa Matthew Ajuoga huko Nyanza mwaka 1957, lakini wengi hawakuona haja ya kupasua nguo ili kuthibitisha kwamba ni mpya.

Hapa Kenya sheria yenyewe haimjui mtu asiye na dhehebu. Mwenye kutaka kufungua kanisa huenda kwa Msajili wa Vyama, akapeleka jina, katiba na viongozi, na jina halina budi lisifanane na la mwingine. Kwa hiyo kanisa lililokataa majina yote hutoka ofisini na jina jipya ambalo halikuwako asubuhi. Hesabu ya watu ya 2019 ilimpa Mkenya nafasi ya kuwa Mprotestanti, nao ni asilimia 33.4, au Mkatoliki, asilimia 20.6, au wa makanisa ya kiinjili, asilimia 20.4, au wa makanisa ya Kiafrika, asilimia 7, lakini asiye na dhehebu hakupewa chumba chake, akaingizwa kwa wengine. Marekani, ambako huhesabiwa peke yao, walipatikana mwaka 2020 zaidi ya milioni 21, wakawapita hata Wabatisti wa Kusini. Na si shida kuona upepo uliovuma Kitale ulitokea upande gani, maana vitabu, redio na wahubiri wageni vimepita njia hiyo miaka mingi.

Linalobaki ni suala la uwajibikaji, na hapa nitasema wazi. Kanisa la Marafiki likikosa mchungaji, mkutano wa mwaka huleta mwingine. Padri wa Misikhu akikosea, askofu wake wa Bungoma yuko. Kanisa lisilo na dhehebu likipata mchungaji mwema hupata baraka ambazo makanisa makubwa yamezisahau: halimjui mtu kwa kadi, humjua kwa jina, na harambee ya hospitali hufanywa siku ile ile bila ya kungoja kamati. Likipata mbaya, halina mlango wa kugonga. Hati ya kiwanja aghalabu imeandikwa kwa jina la mchungaji, na akifa wanawe huja na chifu kuuliza mabenchi ni ya nani. Serikali ilijaribu kuingilia kati: mwaka 2014 ilisimamisha usajili wa makanisa mapya, kisha ikatunga kanuni za kuwataka wahubiri wawe na elimu ya theolojia, lakini mapema mwaka 2016 ikazirudisha nyuma kwa kelele za makanisa, makubwa kwa madogo. Mwaka 2023 maiti zaidi ya 400 zikafukuliwa katika msitu wa Shakahola, Kilifi, za watu walioambiwa na mhubiri wa kanisa lake binafsi wafunge hata kufa. Na Rais akaunda jopo chini ya Mchungaji Mutava Musyimi kutazama upya namna ya kuzisimamia jumuiya za dini. Si insafu kumtupia kila mchungaji wa mabati dhambi ya Shakahola, kama isivyokuwa insafu kumtupia kila padri dhambi ya padri mmoja. Lakini mtu anayetaka kujiunga na kanisa lolote lisilo na dhehebu ana haki ya kuuliza maswali ambayo babu yake wa Lugulu hakuhitaji kuyauliza: kiwanja kimeandikwa kwa jina la nani, sadaka inahesabiwa na wangapi, mchungaji ana leseni ya kufungisha ndoa chini ya sheria ya 2014 au hana, na siku akikosa, ni nani awezaye kumwambia, "Mchungaji, keti."

Na tena, nani atakuzika? Katika nchi ya Bukusu swali hilo si dogo. Nilimfahamu bibi mmoja aliyelelewa kwa Marafiki, akaolewa kwa Marafiki, na alipofiwa na mumewe akamfuata binti yake Kitale, ambako kwa miaka kumi na zaidi alisali katika kanisa la mabati lisilo na dhehebu, mwendo mfupi kwa miguu kutoka nyumbani. Alipokufa mwili ulirudishwa kwa mumewe, Bungoma. Mchungaji wake alikuwa amesafiri kufungua tawi katika kaunti nyingine, wala hapakuwa na mtu aliyepewa idhini ya kusimama mahali pake. Wazee wa Marafiki wa kijijini wakaja bila ya kuitwa, wakakaa kimya kwanza kama ilivyo desturi yao, kisha wakaomba. Saa sita akina mama wa kanisa la mabati wakashuka katika matatu waliyoikodi, hawana sare wala bendera, wakasimama pembeni mwa migomba kwa haya, hata mmoja wa wazee alipoanzisha wimbo wa Tenzi wakauingilia kwa sauti ya pili, na kaburi likafukiwa wimbo ungali unaendelea.

Katika daftari la mkutano wa kijijini jina la bibi yule limo tangu alipokuwa msichana, wala halikukatwa alipohama. Kanisa la mabati halikuwa na daftari la washirika, lakini akina mama walikuwa na kitabu chao cha mchango wa mazishi, mstari kwa kila jina, shilingi hamsini kila mwezi; na binti yake alinionyesha ukurasa ambapo, mbele ya jina la mama yake, mwezi ule wa mwisho ambao hakuweza kutoka kitandani, mtu alikuwa ameandika kwa wino wa buluu: amelipiwa.